Shajara ya wenzo: egemeo ni kitu au ni mahali?

Siku ya 1

Swali lilitangulia mradi. Binti yangu, mwenye miaka 9, alikuwa akipitia daftari lake la sayansi, pale palipoandikwa kwamba wenzo, yaani mti au chombo cha kubinulia kitu, una mambo matatu: mzigo, jitihada (nguvu unayotia) na egemeo. Chini ya maneno hayo alikuwa amechora mstari mrefu uliolala juu ya pembetatu. Akaniuliza, "Mama, egemeo ni hii pembetatu yote, au ni hapa kwenye ncha tu?"

Nilimjibu haraka kwamba ni pembetatu. Saa moja baadaye nilikuwa bado naligeuzageuza jibu langu, na kila nilipoligeuza lilizidi kulegea. Mkasi una egemeo lakini hauna pembetatu. Mlango ni wenzo, na egemeo lake ni bawaba. Kiwiko ni egemeo la mkono, na hakuna mtu aliyewahi kukiona kimechorwa hivyo. Kumbe nilikuwa nimebeba picha ya ubao wa darasani miaka yote hii bila kuiuliza chochote.

Basi tunaunda wenzo wetu. Tutaupima, tutaona egemeo liko wapi na linafanya kazi gani. Leo nimeandaa vifaa tu: ubao mkavu wenye urefu wa sentimita 120, upana wa 5 na unene wa 2, ambao mizani inasema una gramu 600. Nimeuchora mistari kila sentimita 5. Nimeshona mifuko ya mchanga ya nusu kilo, kilo moja na kilo mbili. Kuna mizani bapa ya jikoni, mizani ya springi ya kuvutia, na pimamaji.

Siku ya 2

Nimekata pembetatu ya mbao, nikaisimamisha, nikaulaza ubao juu yake katikati kabisa, kwenye alama ya 60. Ukaanguka kushoto. Nikausogeza milimita moja, ukaanguka kulia. Nikaurudisha nusu ya hapo, kushoto tena. Tulihangaika nao karibu nusu saa. Binti yangu alishikilia kwamba sikupima sawasawa, nami nikaanza kuamini hivyo hivyo.

Kisha, kwa kuchoka tu, nikaiondoa pembetatu na kuweka kipande cha fimbo nene ya mviringo, kipenyo chake sentimita 4, nikakibana kwa misumari kisiviringike. Ubao ukalala sawa papo hapo. Nikiugusa unainama kidogo, kisha unarudi. Lakini tulipoweka mfuko wa kilo mbili kila upande, juu ya ubao, ukaanza tena kukataa, ukapinduka na kumwaga mifuko yote sakafuni.

Kwa hiyo vipimo havikuwa na kosa. Kuna jambo lingine hapa na sijalijua bado.

Siku ya 3

Leo sijashika msumeno. Nimeshughulika na maneno, kwa sababu nadhani swali la binti yangu nusu yake ni la lugha.

Wenzo, wingi wake nyenzo. Neno hili limepatwa na jambo la ajabu kidogo: kila mtu anatumia wingi wake na wachache wanakumbuka umoja. Tunasema idara haina nyenzo za kazi, tukimaanisha magari, kompyuta, hata fedha. Zamani zaidi ya hapo, nyenzo ni miti: mti wa kubinulia kitu kizito, au magogo yanayotandikwa chini yake ili kukisogeza. Mtaimbo ni wenzo wa chuma. Napenda kwamba Kiswahili kilichukua mti wa kubinulia jiwe kikaufanya jina la kila kinachorahisisha kazi.

Egemeo linatokana na kuegemea, kama tegemeo na kutegemea. Ni pale kitu kinapolalia uzito wake. Halikutaja umbo lolote: si pembetatu, si fimbo, si msumari. Limetaja tendo.

Nikatazama lugha nyingine zilifanyaje. Kiingereza kinatumia fulcrum, neno ambalo wanasayansi walilichukua kutoka Kilatini katika karne ya 17. Kwa Warumi wenyewe fulcrum lilikuwa samani: nguzo ya kitanda, hasa ile sehemu ya kichwani anapoegemea mtu aliyejinyoosha. Mzizi wake ni fulcire, kutegemeza. Yaani Mrumi aliyeegemeza kiwiko kwenye kitanda chake na Mswahili aliyeunda neno egemeo walitazama kitu kimoja. Wagiriki walisema hypomochlion, "kilicho chini ya wenzo", nalo ndilo neno ninaloliamini kidogo kuliko yote, kwa sababu mkasi wangu hauna kitu chochote chini ya wenzo.

Kuna mhimili pia. Dunia huzunguka kwenye mhimili wake, na nyumba ina mihimili. Asili yake ni kuhimili, kubeba na kustahimili. Nimeliandika pembeni ya daftari kwa sababu nahisi nitalihitaji: egemeo linasema nani analala, mhimili unasema nani anabebeshwa.

Siku ya 5

Nimejua kwa nini ubao ulikataa, na nimefurahi kama mtoto.

Niliusimamisha ubao kwa ubavu wake, ili ule upana wa sentimita 5 uwe kimo. Kwenye alama ya 60 nikatoboa matundu matatu katika mstari wa wima: moja sentimita 1.5 juu ya katikati, moja katikati kabisa, moja sentimita 1.5 chini. Msumari laini unapita kwenye tundu na kulala juu ya vigingi viwili. Ubao ni uleule, uzito uleule, mikono yote miwili ina urefu sawa. Kinachobadilika ni kimo cha egemeo tu.

Msumari ukiwa tundu la juu, ubao unarudi kulala sawa kila tunapousukuma, ukipungapunga kama bembea hadi utulie. Ukiwa tundu la katikati, unakaa popote unapoachwa: ukiuinamisha nyuzi 30 unabaki nyuzi 30. Ukiwa tundu la chini, hauna subira hata kidogo. Unapinduka, na upande uliokuwa juu unakwenda chini.

Sababu ni kitovu cha uzito. Uzito wote wa ubao hufanya kazi kana kwamba umekusanyika katikati yake. Egemeo likiwa juu ya kitovu hicho, ubao unaning'inia, na kila ukiinama kitovu kinapanda kidogo, hivyo uzito wenyewe unaurudisha. Egemeo likiwa chini ya kitovu, ubao umesimama kama fimbo kwenye ncha ya kidole, na kila mwinamo mdogo unaita mwinamo mkubwa zaidi. Pembetatu yangu ya siku ya 2 ilikuwa chini ya ubao, na kitovu kilikuwa sentimita 1 juu ya ncha. Usingeweza kutulia hata ningepima kwa nywele.

Na ile fimbo ya mviringo iliyonishangaza? Ubao unapoinama juu ya mviringo, mahali pa kugusana hapabaki palepale. Panasogea kuelekea upande ulioinama, mkono wa upande huo unafupika, na ule mwingine unaurudisha. Nilikokotoa: nusu kipenyo ni sentimita 2, kwa hiyo mwinamo wa nyuzi 10 unasogeza egemeo karibu milimita 3.5. Hiyo yatosha kuutuliza ubao mtupu, maana kitovu chake kiko sentimita 1 tu juu ya fimbo, pungufu ya hiyo nusu kipenyo. Mifuko ya mchanga ilipowekwa juu, kitovu kilipanda kupita zile sentimita 2, na fimbo ikashindwa.

Nilimweleza binti yangu. Akasema, "Kwa hiyo lile la mviringo, egemeo linatembea?" Nikasema ndiyo. Akanyamaza muda mrefu.

Siku ya 6

Kanuni yenyewe. Nimetoboa matundu ya kutundikia mizigo katika mstari mmoja na lile tundu la juu. Hili si pambo. Mafundi wa mizani nzuri za mkono huhakikisha egemeo la kati na sehemu mbili za kutundikia ziko katika mstari mmoja ulionyooka, kwa sababu mizigo ikitundikwa juu au chini ya mstari wa egemeo, uzito wake unageuza tabia ya wenzo wote.

Mfuko wa kilo 2 kwenye sentimita 20 kutoka egemeo, mfuko wa kilo 1 kwenye sentimita 40 upande wa pili. Ukalala sawa, pimamaji likakubali. Mara 2 kwa 20 ni 40, mara 1 kwa 40 ni 40. Momenti ni hiyo tu: uzito mara umbali wake kutoka egemeo. Nikapunguza mchanga hadi gramu 800 na kuupeleka kwenye sentimita 50. Ukalala sawa tena.

Tukaondoa mifuko yote, tukatundika karatasi moja tupu ya A4, ambayo ina gramu 5, karibu na ncha. Ubao ukainama waziwazi. Binti yangu aliirudia hii mara nyingi kuliko yote mengine.

Alasiri nikafanya kosa ambalo nataka liandikwe vizuri. Nilihamishia msumari kwenye tundu jipya, sentimita 20 kutoka ncha ya kushoto, ili niwe na mkono wa 20 na mkono wa 100. Moja kwa tano. Nikatundika kilo 5 kwenye ncha fupi, nikamwambia binti yangu kwa uhakika kabisa kwamba kilo 1 kwenye ncha ndefu italingana nazo. Aliachia mkono. Ncha ndefu ikashuka kwa kishindo na vigingi vikang'oka.

Nilikuwa nimeusahau ubao. Egemeo likiwa katikati, nusu mbili za ubao zinafutana, na mtu anaweza kujifanya ubao hauna uzito. Egemeo likihama, kitovu cha ubao kinabaki upande mrefu, sentimita 40 kutoka msumari. Gramu 600 mara 40 ni 24 katika vipimo vyetu vya kilo na sentimita. Upande mfupi una 5 mara 20, yaani 100. Ukitoa 24 inabaki 76, na kwenye mkono wa 100 hiyo ni kilo 0.76 tu. Tulipunguza mchanga kijiko kwa kijiko, ubao ukalala sawa mfuko ulipofika gramu 750 hivi.

Kwa njia hiyohiyo, ubao peke yake bila mtu kuugusa unaweza kubeba kilo 1.2 kwenye ncha fupi. Tulijaribu, unabeba. Vitabu vingi vya shule huchora wenzo kama mstari usio na uzito, na naelewa kwa nini, lakini ningependa ukurasa unaofuata umwambie mtoto kwamba mstari huo haupo.

Siku ya 8

Hii ndiyo siku niliyoisubiri. Swali: egemeo linabeba nini?

Nimeweka vigingi na msumari juu ya mizani ya jikoni, nikairudisha sifuri ili isihesabu vigingi. Wenzo wa daraja la kwanza kwanza, egemeo katikati, kilo 2 upande huu na kilo 1 upande ule. Mizani ikasoma 3.6. Mzigo, jitihada, na ubao wenyewe, vyote vimelala hapo. Wenzo haupunguzi uzito wowote duniani. Mkono wangu unapata nafuu, lakini egemeo linabebeshwa zaidi ya mzigo wenyewe. Hapo ndipo neno mhimili lilinirudia.

Ndiyo sababu pia ile pembetatu ya mbao, nilipoichunguza leo, ina ncha iliyopondeka. Ncha iliyopondeka si mstari tena, ni ukanda, na egemeo ambalo ni ukanda halina umbali kamili wa kupimia. Msumari nao una kasoro yake: unakwaruzana na tundu, na kadiri mizigo inavyoongezeka ndivyo ukwaruzo unavyoficha tofauti ndogo. Waundaji wa mizani za maabara walitumia makali ya akiki yaliyolala juu ya bapa la akiki, jiwe gumu lisilopondeka upesi wala kushika kutu.

Daraja la pili sasa, kama toroli: egemeo kwenye ncha moja, mzigo katikati, jitihada ncha ya pili. Niliweka ncha ya ubao juu ya kipande cha chuma cha pembe kilichopinduliwa, juu ya mizani. Mzigo wa kilo 3 kwenye sentimita 30. Binti yangu anavuta kwenda juu kwa mizani ya springi kwenye 120. Hesabu: mzigo unatoa 90, ubao unatoa 36, jumla 126, gawanya kwa 120 ni 1.05. Springi ilisoma kilo 1 na kidogo. Mizani ya chini ilisoma takriban 2.5, yaani kilo 3.6 zote ukitoa anachokibeba yeye. Hapa anayevuta na egemeo wanagawana mzigo kama watu wawili wanaobeba kitanda, na aliye karibu na mzigo anaumia zaidi.

Daraja la tatu ndilo lililotushtua. Egemeo kwenye ncha, mzigo wa kilo 1 kwenye ncha ya mbali, jitihada kwenye sentimita 30. Nilianza kuvuta, na kabla mzigo haujainuka, ncha iliyolalia chuma ikaruka juu. Mizani ya chini ikasoma sifuri. Egemeo lilikuwa limetoweka.

Tulikaa na hesabu. Mzigo 120, ubao 36, jumla 156, gawanya kwa 30: jitihada ni kilo 5.2. Lakini uzito wote uliopo ni kilo 1.6. Nikivuta kwa 5.2 kwenda juu, lazima kitu kivute au kisukume kwa 3.6 kwenda chini. Egemeo la daraja la tatu halibebi kwa chini, linazuia kwa juu. Binti yangu akaweka kiganja chake juu ya ncha ya ubao na kukandamiza. Nikavuta. Mzigo ukapanda, na yeye akauhisi ubao ukimsukuma kiganja.

"Mama," akasema, "sasa egemeo ni mimi."

Ndivyo mkono wetu ulivyo. Msuli wa mbele wa mkono wa juu unashika sentimita chache tu kutoka kiwiko, huku kiganja kiko mbali zaidi ya sentimita 30. Tukiinua ndoo, mfupa wa chini unausukuma mfupa wa juu pale kwenye kiwiko kwa nguvu kubwa kuliko ndoo yenyewe. Tunapata nini kwa gharama hiyo? Mwendo. Kwenye ubao wetu, nikipandisha mkono sentimita 5, mzigo unapanda 20. Kibano na ufagio hufanya vivyo hivyo: nguvu inatolewa ili mwendo upatikane. Na yule Mgiriki wa "chini ya wenzo", egemeo letu la leo lilikuwa juu.

Siku ya 9

Mvua. Hesabu tu, mezani.

Archimedes wa Syracuse, aliyethibitisha kanuni ya wenzo kwa hoja za jiometri, aliuawa mwaka 212 KK. Pappus wa Alexandria, mwanahisabati wa karne ya 4 BK, ndiye anayesimulia kwamba Archimedes alisema: nipe mahali pa kusimama, nami nitaisogeza Dunia. Angalia alichokiomba. Hakuomba ubao, wala hakutaja egemeo. Aliomba pa kusimama.

Tuchukue mtu wa kilo 60 na tukadirie kana kwamba Dunia ni mzigo uliotundikwa. Dunia ina kama kilo 6 zenye sifuri 24 nyuma yake. Mkono wa jitihada lazima uwe mrefu kuliko wa mzigo mara 1 yenye sifuri 23. Kuisogeza Dunia sentimita 1, ncha yake lazima isafiri kilomita 1 yenye sifuri 18, ambazo ni zaidi kidogo ya miaka ya nuru 100,000. Huo ni takriban upana wa galaksi yetu nzima. Na egemeo lingebeba Dunia yote pamoja na mtu mwenyewe, bila kuhesabu ubao.

Siku ya 12

Tunabomoa vigingi vya zamani ili nitengeneze stendi ya kudumu. Nilikuwa ninang'oa misumari kwa nyundo ya makucha, binti yangu akitazama, na ghafla akanishika mkono. "Subiri. Egemeo liko wapi hapo?"

Kucha zimeshika kichwa cha msumari, mpini uko mkononi mwangu, na mgongo wa nyundo uliopinda umelala juu ya mbao. Nikamwambia atafute mwenyewe. Akaleta chaki, akaupaka mgongo wote wa nyundo, kuanzia kwenye kucha hadi kwenye kichwa, kisha akaniambia nivute polepole.

Msumari ukatoka. Mwanzoni mgongo uligusa mbao karibu kabisa na msumari, na mkono wa mzigo ulikuwa mfupi mno, kwa hiyo nguvu yangu ilizidishwa kwa wingi, wakati uleule msumari uliposhikwa na mbao kwa urefu wake wote. Kadiri mpini ulivyolala, mgusano uliviringika kwenda mbali, nguvu ikapungua, lakini msumari nao ulikuwa umebaki na kipande kifupi tu ndani. Kwa misumari mirefu nguvu huisha kabla ya msumari, ndiyo maana mafundi huweka kipande cha ubao chini ya nyundo. Kipande hicho kinalirudisha egemeo karibu.

Tukaiondoa nyundo. Juu ya mbao palibaki mstari wa chaki, ukianzia karibu na tundu la msumari na kwenda mbali nalo. Akaupima kwa rula yake: sentimita 3 na milimita 2. Akaandika kwenye daftari, chini ya ile picha ya pembetatu: "Egemeo la nyundo, kutoka hapa mpaka hapa."

Stendi mpya nitaanza kesho. Itakuwa na makali ya chuma badala ya msumari, na nafasi ya kuyabana kutoka juu pia.